Dedi, mami, anti: maswali yenu kuhusu kuitana kwa Kikantoni

Mwezi uliopita niligusia jambo moja kuhusu Hong Kong: watu wake wanapozungumza Kikantoni, lugha yao ya nyumbani, huwataja baadhi ya ndugu zao kwa maneno ya Kiingereza. Barua zilizofuata zimenifurahisha, kwa sababu nyingi zimetoka kwa watu wanaojua kwamba kuitana ni jambo zito. Nimechagua zinazogusa mambo tofauti. Maneno ya Kikantoni nimeyaandika kwa herufi zetu ili yasomeke karibu na yanavyosikika, na habari ya kupanda na kushuka kwa sauti nitaieleza pale inapohitajika.

Wachina wanasifika kwa kuheshimu ukoo. Inakuwaje mtu mzima wa Hong Kong anamwita baba yake "daddy"? Walikosa neno? (Msomaji, Tanga)

Hawakukosa hata kidogo. Wana "baba", karibu sawasawa na la kwetu, na wana "lou-dau", neno la mazoea zaidi, la kumtaja mzee wako ukiwa na wenzako. Mama ni "mama" au "a-ma". Juu ya hayo wakaongeza "dedi" na "mami".

Sababu ya kwanza ni historia. Waingereza walikitwaa kisiwa cha Hong Kong mwaka 1841, na ukiacha miaka ya uvamizi wa Wajapani wakati wa Vita Kuu ya Pili, walitawala hadi 1997. Mpaka 1974 lugha rasmi ilikuwa Kiingereza peke yake. Ofisini, mahakamani na katika shule zenye jina, Kiingereza ndicho kilichompandisha mtu. Familia zilizosoma zikaanza kukileta nyumbani, na neno la kumwita mzazi ndilo jepesi kuliko yote, kwa kuwa mtoto hulishika kabla hajajua kwamba kuna lugha mbili. Zamani "dedi" na "mami" yalikuwa na harufu ya watu wenye nafasi. Leo utayasikia kwenye nyumba za serikali za kupangisha sawa na kwenye majumba ya vilimani, kwa hiyo sioni haki kuyaita majivuno.

Maandishi nayo yamechangia. "Dedi" huandikwa kwa alama mbili za Kichina. Ya kwanza, inayosomwa "de", ni neno la Kichina la tangu zamani lenye maana ya baba. Alama ya kwanza ya "mami" nayo ni ileile ya mama. Anayeyasoma kwenye kadi ya siku ya kuzaliwa haoni kitu kigeni. Anaona baba na mama, na silabi moja iliyoongezwa mwishoni.

Kuna jambo la tatu ambalo wageni wengi hawalijui. Katika familia za Kikantoni za zamani hakikuwa kioja mtoto kumwita baba yake mzazi "a-suk", yaani baba mdogo, au kumwita mama yake kwa jina lisilokuwa la mama. Mpiga ramli akisema nyota ya mtoto inagongana na ya mzazi, jina la kuitana lilibadilishwa ili mtoto apone na akue. Nadhani watu waliozoea kwamba jina la mzazi linaweza kubadilishwa kwa mapenzi, si kwa dharau, hawakuona tabu "dedi" lilipobisha hodi.

Ni neno gani la undugu la Kiingereza linalotumika zaidi kwa watu wazima, na kwa nini? (Mwanafunzi wa isimu, Morogoro)

Kwa watu wazima wanaosimulia habari zao, mimi nataja "cousin". Hulitamka karibu na "kasan", na wakiandika ujumbe kwenye simu huliandika kwa herufi za Kiingereza katikati ya alama za Kichina.

Tazama kinachotakiwa kwa anayetaka kumtaja mtu huyo kwa Kikantoni kamili. Kwanza aseme amepitia upande gani. Watoto wa kaka na wadogo wa kiume wa baba ni "tong". Waliobaki wote, wa dada za baba na wa ndugu za mama wa kiume na wa kike, ni "biu". Pili aseme kama ni mwanamume au mwanamke. Tatu aseme kama amemzidi umri au ni mdogo wake. Ndiyo maana kuna tong-go, tong-dai, tong-je na tong-mui, halafu biu-go, biu-dai, biu-je na biu-mui. Maneno 8 kwa kitu ambacho Mwingereza anakitaja kwa moja.

Sasa mtu yuko kazini Jumatatu anasimulia: jana nilikula chakula cha mchana na "kasan" wangu. Msikilizaji hajui ni wa kike au wa kiume, mkubwa au mdogo, wa kuumeni au kukeni. Na kwa kuwa neno lao la "yeye" halitenganishi jinsia, kama letu, mazungumzo yanaweza kwenda hadi mwisho bila hayo kujulikana. Msimuliaji ameridhika. Wenzake wa ofisini hawana haja na mti wa ukoo wake.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wangu wakae kidogo. Tumezoea kusema lugha hukopa pale inapopungukiwa. Kikantoni hakikupungukiwa. Kilikuwa na maneno yanayosema mengi mno, kikachukua la Kiingereza kwa sababu linasema kidogo.

Lakini "kasan" ni neno la kumtaja mtu asiyekuwepo. Siku hiyohiyo, akikutana na binamu yake aliyemzidi umri, atamwita "biu-go" au atamwita kwa jina. Kumsimamia mtu mbele na kumwita "kasan" kungesikika ajabu. Anayechunguza maneno ya undugu bila kutenganisha kumtaja mtu na kumwita mtu atachora picha isiyo sahihi, na kosa hilo nimeliona katika orodha nyingi za maneno ya mkopo.

Kwa kulinganisha na kwetu: kwa wengi wetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu, mtoto wa mama mdogo ni ndugu, na binamu ni wa shangazi au mjomba. Mkantoni anakata mahali pengine. Mtoto wa mama mdogo, ambaye wewe unamwita kaka bila kufikiri, kwake ni "biu", neno lenye maana ya nje. "Tong" ni ukumbi, na hao ndio wa jina moja la ukoo. Neno letu binamu nalo limetoka Uarabuni, ambako ni mtoto wa kiume wa ndugu wa kiume wa baba, yaani yuleyule ambaye wengi wetu wa bara hatumwiti binamu.

Rafiki yangu wa Hong Kong aliniandikia kwa furaha kwamba dada yake amepata "bibi". Nikadhani ameletewa mama mkwe. (Msomaji, Zanzibar)

Amepata mtoto mchanga. Ni "baby" ya Kiingereza, na mara nyingi huiandika kwa herufi mbili tu: BB. Wa kiume ni bibi-jai, wa kike ni bibi-nui.

Neno hili lina siri nzuri. Kikantoni kina toni 6, yaani namna za kupandisha na kushusha sauti zinazobadili maana ya neno, na neno la Kiingereza likiingia lazima lipewe toni. Kwa kawaida silabi inayokazwa kwa Kiingereza hupanda juu, na isiyokazwa hushuka. Ndivyo ilivyo kwa "dedi", "mami" na "anti": juu, kisha chini. "Bibi" limegeuka. Linaanza chini na kumalizikia juu. Kwa nini? Kwa sababu hiyo ndiyo sauti ya maneno yao ya nyumbani yanayorudiwa mara mbili: baba, mama, go-go kwa kaka, je-je kwa dada mkubwa, mui-mui kwa mdogo wa kike. Yote huanza chini na kupanda. "Dedi" limebaki na mwendo wa Kiingereza, ila "bibi" limesikika kama mwanafamilia, likapewa sauti ya familia.

Je, "baba" letu na "baba" lao yana asili moja? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana. Mwanaisimu Roman Jakobson aliwahi kueleza kwa nini lugha zisizo na uhusiano hufanana hapo: midomo kufungana na kufunguka ndiyo kazi rahisi kwa mtoto, na wazazi popote walipo huzichukua sauti hizo za kwanza na kujipa wenyewe. "Dedi" ni mkopo. "Baba" si mkopo upande wowote.

Nachukua mzigo Guangzhou, na mara nyingine simu na vipuri Hong Kong. Nikimwita mama muuzaji "anti" nitakuwa nimekosea? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Hutamtukana, lakini si neno la mahali hapo. "Anti" na "anko", ambalo kwao husikika zaidi kama "ang-kou", ni maneno ya Hong Kong kwa wazazi wa rafiki yako au marafiki wa wazazi wako. Kijana akienda kumtembelea mwenzake na mama mwenye nyumba akafungua mlango, atasema "anti". Zamani angesema "baak-mou", na kwa baba wa rafiki angesema "sai-baak". Hayo bado yapo, ila yana uzito wa adabu ya kizamani. "Anti" lina wepesi, na lina faida nyingine kubwa: halimpimi mtu umri. Kwa Kikantoni, ukimwita ndugu wa baba ya mtu lazima uchague kama amemzidi baba umri au la, na wanawake wengi wanachukia kuitwa "a-sam", neno la mwanamke wa makamo, kwa sababu linawazeesha papo hapo.

Dukani mwite mwenye mali "lou-baan", bosi. Akiwa mwanamke, "lou-baan-neung". Neno hilo linafanya kazi katika jengo la Chungking Mansions pale Tsim Sha Tsui, Hong Kong, ambako Waafrika wengi hununua simu, na linafanya kazi Guangzhou kule China bara pia, ila huko mara nyingi utalisikia kwa Kichina sanifu, "laoban". Wauzaji wa sokoni Hong Kong watakuita "leng-jai", kijana mtanashati, au "leng-nui", mrembo, bila kujali sura yako. Usilichukulie kuwa jambo kubwa. Kumbuka pia kwamba Guangzhou haikuwa koloni la Waingereza, na maneno haya ya Kiingereza ya undugu utayasikia huko mara chache kuliko Hong Kong.

Kwetu msichana wa kazi anaitwa dada. Huko wanamwitaje? (Msomaji, Dodoma)

Dada. Nimefurahi umeuliza. Hong Kong ina wafanyakazi wa ndani wa kigeni zaidi ya 300,000, wengi wao wanawake kutoka Ufilipino na Indonesia, na watoto wanaowalea huwaita "je-je", dada mkubwa. Wakubwa wakimtaja mbele ya wengine husema "gung-yan je-je", dada wa kazi, neno kwa neno kama tunavyosema sisi. Nyumba nyingine humwita "anti" na jina lake. Katika nyumba hizo ndiye anayezungumza na mtoto Kiingereza siku nzima, kwa hiyo anayetaka kujua maneno haya yanaingiaje kwenye vinywa vya watoto asiangalie shule tu. Aangalie jikoni.

Kwa kuwa tuko kwenye kuitana, niongeze la walimu. Mwalimu wa kiume ni "a-sö", kutoka "sir". Ile "a" ya mwanzo ni kiambishi kilekile wanachoweka kwenye a-ma na a-go, kana kwamba mwalimu ni mtu wa nyumbani. Na mwanafunzi husema "Chan Sir", jina kwanza na cheo baadaye, ndivyo Kichina kinavyotaka. Lakini kwa mwalimu wa kike husema "Miss Chan", cheo kwanza, kama Kiingereza. Maneno mawili ya darasa moja, kila moja na mpangilio wake, na hakuna mtoto anayekosea.

Mbona hawakuchukua "brother" na "sister"? Na je, maneno yao ya asili yatapotea? (Mwalimu, Kisumu)

"Brother" lingewavuruga. Mtoto wa Hong Kong anajua kaka yake ni "go-go" na mdogo wake wa kiume ni "sai-lou", na nani kamzidi nani ndilo jambo la kwanza ndani ya nyumba. Neno linaloficha hilo halina kazi mezani. "Cousin" limepokewa kwa sababu linaficha, na "brother" limekataliwa kwa sababu hiyohiyo. Mabibi na mababu nao wamebaki na maneno yao, maana wanne hao ndio wanaolea wajukuu, na kila mmoja ana jina lake lisiloingiliana na la mwenzake.

La kupotea, nina wasiwasi, ila Kiingereza si mkosaji mkuu. Tazama ukubwa wa familia. Mwaka 1975 chama cha uzazi wa mpango cha Hong Kong kilianza kampeni maarufu yenye kaulimbiu kwamba wawili wanatosha, na watu waliitikia. Upande wa China bara, sera ya mtoto mmoja ilidumu hadi 2015. Mtoto ambaye baba yake hana ndugu na mama yake hana ndugu hana tong wala biu wa kumwita. Maneno yanakosa watu. Leo zipo programu za simu ambazo unaingiza "mke wa mdogo wa kiume wa mama" nazo zinakupa neno la kumwita kabla hujafika kwenye karamu ya mwaka mpya. Watu wanazitumia kwa sababu wanaona aibu kukosea, na hilo linanipa moyo: asiyejali asingetafuta.

Na yapo mahali ambapo Kiingereza bado hakina nafasi. Siku ya harusi, bibi harusi huwapa wakubwa wa upande wa mume chai, mmoja baada ya mwingine, mara nyingi akiwa amepiga magoti. Kwa kila kikombe lazima amtaje anayempa kwa cheo chake kamili. Kwa baba mkwe: "lou-ye, yam cha". Kwa mama mkwe: "naai-naai, yam cha". Hapo hakuna "anti".

Mimi ni wa Mombasa, mume wangu kazaliwa Hong Kong, tunaishi Toronto. Mama mkwe anataka mtoto wetu amwite yeye "mama", mimi niwe "mami", na mama yangu mzazi awe "popo". Nimeumia. Ananinyang'anya mwanangu?

Dada yangu, pole, na nakuomba umsikilize kwa sikio la Kikantoni kabla hujaamua. Hakunyang'anyi kitu.

Mama mzazi wa baba kwa Kikantoni ni "mama" yenye silabi mbili za chini, sauti imelala mwanzo hadi mwisho. Mama aliyezaa ni "mama" inayoanza chini na kumalizikia juu. Kwa sikio letu ni neno moja, kwao ni watu wawili ambao mtoto wa miaka miwili hawachanganyi. Mama mkwe wako anataka cheo chake halali, na kina thamani kubwa kwake, kwa sababu "mama" hiyo ni ya upande wa baba peke yake, na ndiyo inayomwambia kwamba ukoo umeendelea. "Mami" aliyokupa wewe ndivyo akina mama wa Hong Kong wanavyoitwa na watoto wao kila siku. Amekuita kama angemwita binti wa pale.

"Popo" nayo ni mama mzazi wa mama. Najua neno hilo linasikika vipi Mombasa, na naelewa bibi mtu mzima hataki kuitwa mnyama wa usiku. Lakini hapa una hoja nzuri ya kupeleka mezani. Mama yako aitwe Bibi. Mkwe wako anaweza kushtuka, akisema bibi ni mtoto mchanga. Mwonyeshe sauti. La kwetu linakaziwa mwanzo, kwa hiyo sikio la Kikantoni litalisikia juu kisha chini. La mtoto mchanga linaanza chini na kupanda. Kwa mwanao yatakuwa maneno mawili tofauti, kama alivyotofautisha mama na mama.

Kuna jambo ambalo naamini litamaliza baridi iliyopo kuliko hoja yoyote. Wakantoni wana desturi wanayoiita "giu yan", kuita watu: mtoto akiingia humtaja kila mkubwa kwa cheo chake, na kabla ya kula huwakaribisha wakubwa kwa mpangilio. Mfundishe mwanao aseme "ma-ma, sik faan" kabla hajagusa chakula. Na wewe mwenyewe, je, unamwitaje? Kama umekuwa ukisema "anti" kwa sababu ndivyo ulivyomkuta mlipokuwa wachumba, huenda hapo ndipo tatizo lilipo, maana tangu siku ya ndoa neno hilo limekuacha nje ya mlango. Cheo chake kwako ni "naai-naai", silabi ya kwanza chini, ya pili ikipanda kama mtu anayeuliza swali. Ndugu wa Kichina wa kutoka Beijing wanaweza kushangaa, kwa sababu kwao neno hilo ni la mama mzazi wa baba, lakini kwa Mkantoni ni mama wa mume na hakuna mwingine. Mwombe mumeo akusikilize ukilitamka mara kadhaa, kisha umwite hivyo mbele ya mtoto.